Ziba Jino Kabla Halijauma

Ukiona nyama ya mshikaki inanasa mahali palepale kila siku, acha kuulaumu mshikaki. Hapo pana kitundu.

Changu kilianza hivyohivyo. Gego la chini, upande wa kushoto. Nikimaliza kula natafuta kijiti, nachokonoa, nasahau. Halikuwa likiuma, kwa hiyo sikuona haraka ya kwenda popote. Miezi ikapita. Siku moja nikanywa maji ya friji, nikasikia mshtuko umetoka kwenye jino ukafika hadi sikioni. Nilipokwenda kwa daktari, bahati yangu jino lilikuwa bado linazibika. Palibaki padogo sana uozo ufike kwenye kiini, kule ndani penye mshipa wa fahamu.

Shika hili kwanza: jino ambalo bado linazibika kirahisi kwa kawaida haliumi. Gamba gumu la juu halina mshipa wa fahamu, kwa hiyo linaweza kuliwa taratibu na wewe usijue. Usisubiri maumivu. Yakija, mara nyingi kazi imeshakuwa kubwa na gharama imepanda.

Jikague leo. Nawa mikono, washa tochi ya simu, simama mbele ya kioo. Tazama mifereji ya juu ya magego na pale jino linapogusana na jirani yake. Unatafuta alama nyeusi au ya kahawia, sehemu nyeupe kama chaki, au ukingo uliomeguka. Kisha pitisha ulimi polepole. Ulimi hugundua mkwaruzo kabla ya jicho. Kama unatumia uzi wa meno na unachanika kila ukipita mahali pamoja, hiyo nayo ni dalili.

Kama umekulia Arusha au Kilimanjaro, rangi ya kahawia peke yake isikutishe. Maji ya sehemu nyingi za huko yana floridi nyingi, na floridi ikizidi utotoni huacha madoa kwenye meno yanapojengeka. Doa si tundu. Mwache daktari atofautishe.

Yasome maumivu vizuri

Jino likishtuka kwa maji baridi au kitu kitamu, kisha likatulia ndani ya sekunde chache, mara nyingi bado linazibika. Weka miadi wiki hii.

Likiuma lenyewe bila kuguswa, likapwita usiku, au chai ya moto ikaliamsha na maumivu yakakaa muda mrefu, basi mara nyingi uozo umeshafika kwenye kiini. Hapo kuziba peke yake hakutoshi. Utahitaji kutibiwa mzizi, au jino ling'olewe. Nenda kesho asubuhi.

Shavu likivimba, ukapata homa, ukashindwa kumeza au mdomo ukagoma kufunguka, nenda hospitali sasa hivi, hata kama ni saa nane usiku. Maambukizi ya jino yanaweza kushuka shingoni na kubana njia ya hewa. Watu wamekufa kwa jino. Hilo silisemi kukutisha, nalisema ili usilale nalo.

Ukifika kwa daktari, eleza kwa maneno kamili. Sisi tunatumia neno ganzi kwa mambo mawili: jino linalosisimka kwa baridi, na dawa inayozima hisia. Ukisema tu "jino lina ganzi", daktari atalazimika kukuuliza upya. Sema linashtuka ukinywa nini, linachukua muda gani kutulia, na kama limewahi kukuamsha usiku. Majibu hayo matatu yanamsaidia sana.

Ya kuacha kabla ya kwenda

Acha kununua amoksisilini dukani kila jino linapokuuma. Antibiotiki haizibi tundu. Inaweza kupunguza uvimbe kwa siku chache, kisha ugonjwa unarudi kwa sababu chanzo chake kiko palepale.

Usiweke aspirini juu ya fizi. Inaunguza nyama. Maji ya betri na tumbaku navyo usithubutu. Na yeyote anayekuahidi kutoa "mdudu wa jino" kwa moshi au mimea, mwache aende zake. Tundu halichimbwi na mnyoo. Bakteria wa kinywani hula sukari unayokula, hutoa tindikali, na tindikali hiyo ndiyo inayoyeyusha jino.

Maumivu ya usiku mmoja yatulize kwa parasetamoli. Mtu mzima mwenye afya asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24.

Karafuu je? Bibi zetu hawakukosea. Ndani ya mafuta ya karafuu, hizihizi zinazoanikwa kwenye majamvi Pemba, mna eugenoli, na eugenoli kweli hutuliza jino. Madaktari wa meno wenyewe huichanganya na unga wa oksaidi ya zinki ili kuziba jino kwa muda. Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalijui: eugenoli ikibaki kwenye tundu inaweza kuifanya kompoziti, yaani dawa ya kuzibia yenye rangi ya jino, isikauke sawasawa. Kwa hiyo kama ulilala na pamba ya mafuta ya karafuu, mwambie daktari mara tu unapokaa. Huenda akabadilisha dawa ya kuzibia au akasafisha zaidi.

Piga simu, uliza swali hili

Kabla ya kupanda daladala, piga simu na uulize: "Mnaziba, au mnang'oa tu?" Swali hili litakuokolea siku nzima. Vipo vituo ambavyo vifaa vyao vinaishia kwenye kung'oa, na ukifika pale na jino zuri lenye kitundu, njia iliyopo mbele yako ni hiyo moja. Hospitali nyingi za wilaya na za mkoa zina kitengo cha kinywa na meno. Anzia hapo, au kwenye kliniki binafsi unayoweza kuimudu.

Na usidanganyike kwamba bila umeme jino haliwezi kuzibwa. Njia ya kuziba kwa vifaa vya mkono peke yake ilianzia hapahapa Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, katika kazi ya huduma ya msingi ya meno iliyofanywa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Mholanzi Jo Frencken. Daktari hukwangua uozo laini kwa kijiko kidogo cha chuma, kisha hujaza glasi-ayonoma, dawa inayoshika jino yenyewe na kuachia floridi taratibu. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani lilianza kuinadi kwa nchi nyingine. Dunia inaijua kwa herufi ART. Mara nyingi haihitaji hata sindano. Kwa mtoto anayeogopa mlio wa mashine, au mgonjwa aliye mbali na mji, iulizie kwa jina hilo.

Kwenye simu hiyohiyo uliza bei kwa mafungu: kumwona daktari ni kiasi gani, picha ya eksirei ni kiasi gani, kuziba jino moja ni kiasi gani. Ukiwa na bima, uliza kama kuziba kumo kwenye kifurushi chako na kwa dawa ipi. Ni bora kujua ukiwa nyumbani kuliko kujua dirishani.

Siku ya kwenda

Chukua nafasi ya asubuhi. Tenga saa moja, ingawa jino lenyewe linaweza kumalizika kwa nusu saa.

Kula kwanza. Watu wengi huenda na njaa wakidhani ni kama operesheni, kisha wanasikia kizunguzungu kwenye kiti. Ukishachomwa ganzi hutakula vizuri kwa saa mbili hadi nne, kwa hiyo shiba mapema. Mwenye kisukari ale na atumie dawa zake kama kawaida. Mwenye presha vilevile: meza dawa yako ya asubuhi, na omba wakupime kabla ya sindano.

Andika kwenye simu dawa zote unazotumia, na mwonyeshe daktari. Taja presha, kisukari, pumu, ugonjwa wa moyo, mzio wa dawa yoyote. Ukiwa unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, sema, lakini usiiache kwa uamuzi wako mwenyewe.

Una mimba? Sema pia, hata kama ni changa. Mimba si sababu ya kukaa na jino bovu. Kipindi chepesi zaidi kwa mama ni kati ya mwezi wa nne na wa sita. Baadaye tumbo likiwa kubwa, omba usilazwe chali kabisa, ugeuke kidogo upande wa kushoto.

Ukiwa kwenye kiti

Anza na vifaa. Angalia kama vinatolewa kwenye pakiti iliyofungwa, na kama daktari amevaa glovu mpya. Vifaa vya meno husafishwa kwa mvuke wenye shinikizo, kwa kawaida nyuzi 121 kwa dakika 15 au nyuzi 134 kwa dakika 3. Kuuliza "vimetakaswa?" si utovu wa adabu. Daktari makini hulipenda swali hilo.

Kisha uliza: "Ni jino namba ngapi?" Meno yana namba za tarakimu mbili, na ukizielewa hutasahau. Tarakimu ya kwanza ni robo ya kinywa chako: 1 ni juu kulia, 2 juu kushoto, 3 chini kushoto, 4 chini kulia. Ya pili unahesabu kutoka katikati kwenda nyuma. Gego langu lilikuwa 36: chini kushoto, la sita. Ukijua namba, unathibitisha kwamba mnazungumzia jino moja kabla sindano haijaingia, na siku ukihamia mji mwingine unamweleza daktari mpya kwa neno moja.

Uliza pia swali kubwa kuliko yote: "Linazibika?" Liulize hata kama wewe mwenyewe ulikuja ukiwa umeamua kung'oa. Akisema linazibika, ziba. Akisema halizibiki, mwombe akuonyeshe sababu kwenye picha ya eksirei. Weusi wa uozo uliofika kwenye kiini huonekana hata kwa macho yasiyo ya kitaalamu.

Kubalianeni ishara ya mkono. Ukiinua wa kushoto, anasimama. Mdomo ukiwa wazi huwezi kusema, na ukijua unaweza kumsimamisha, woga unapungua sana. Usishike mkono wake kwa ghafla wakati mashine inazunguka.

Sindano ya ganzi inauma kidogo, kama kubanwa kwa kucha. Pumua kwa pua, tuliza vidole vya miguu. Moyo unaweza kwenda mbio kwa dakika chache, kwa sababu dawa nyingi za ganzi huchanganywa na adrenalini kidogo ili zikae. Utatulia. Subiri mpaka mdomo wa chini uwe mzito kama si wako, kama jino ni la chini. Akianza na bado unasikia makali, inua mkono. Dozi ya pili ni jambo la kawaida. Usivumilie ili uonekane jasiri.

Mashine ina mlio mkali na inarusha maji. Utasikia mtetemo na msukumo. Hiyo ni sawa. Kinachotakiwa kusimamisha kazi ni maumivu makali, si mtetemo.

Ukizibwa kwa kompoziti, utaona anapaka kitu kama jeli, mara nyingi ya buluu. Ni tindikali laini ya kukwaruza jino ili gundi ishike. Ikigusa ulimi ni chachu. Anaiosha, anakausha, anapaka gundi, anamulika. Kuanzia hapa fanya kazi moja tu: usiruhusu mate yafike pale. Usiingize ulimi kupeleleza, usifunge mdomo, usigeuze kichwa. Kompoziti ikiwekwa kwenye unyevu haishiki, na itabanduka au itapenyeza uozo mpya pembeni. Pamba iliyowekwa kuzuia mate ikilowa, inua mkono umwonyeshe.

Dawa inawekwa tabaka kwa tabaka, kila moja kama milimita 2, na kila moja inamulikwa kwa taa ya buluu, mara nyingi sekunde 20 hivi. Fumba macho, usiikodolee taa. Tabaka hizi ndizo zinazochukua muda. Usimharakishe.

Sasa kile ambacho ningependa ukikumbuke kuliko yote ya kwenye kiti: karatasi ya rangi. Daktari ataweka karatasi nyembamba juu ya jino na kukwambia, "Ng'ata." Mimi nilikuwa nimechoka, shavu limekufa ganzi, nataka kuondoka. Niling'ata mara moja, nikasema "sawa". Ganzi ilipoisha jioni nikakuta jino jipya ndilo la kwanza kugusa, kama chembe ya mchanga imenasa katikati. Siku tatu nilitafuna upande mmoja. Kande sikuigusa. Niliporudi, daktari alisugua mahali padogo kwa dakika mbili, yakaisha.

Wewe usiondoke hivyo. Omba uketi wima, kwa sababu ukiwa umelala taya hukaa tofauti. Ng'ata kawaida, kisha sugua kushoto na kulia kama unatafuna muwa. Alama ya rangi ikiwa nzito kwenye jino lililozibwa na hafifu kwa majirani zake, bado liko juu. Mwambie asugue tena. Na ukifika nyumbani ukagundua, rudi. Hiyo ni sehemu ya kazi uliyoilipia, na jino linalogongwa kila siku huanza kuuma kwelikweli.

Kuhusu dawa za kuzibia, neno fupi. Kompoziti ina rangi ya jino na hukauka papo hapo. Glasi-ayonoma inafaa kwa watoto na mahali pagumu kukauka, ila haivumilii sana kutafuna kwa nguvu. Amalgamu, ile ya rangi ya fedha, ni imara, lakini karibu nusu yake ni zebaki, na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulizitaka nchi ziipunguze. Kama uliyonayo mdomoni haina tatizo, usikimbilie kuitoa. Kuichimbua hutoa mvuke wa zebaki.

Ukitoka

Usile mpaka ganzi iishe. Utajing'ata mdomo na hutajua mpaka damu itoke. Mtoto ndiye wa kulindwa zaidi: anaona mdomo mzito kama mchezo, anautafuna, na kesho umevimba. Kaa naye, mkumbushe kila mara.

Jino likishtuka kwa baridi kwa siku chache, au hata wiki mbili, usihofu, mradi kila siku linapungua. Likianza kupwita lenyewe au kukuamsha usiku, rudi mara moja.

Umezibwa kwa dawa ya muda? Basi kazi haijaisha. Hapa ndipo wengi wetu tunapopotelea: maumivu yametulia, mtu haonekani tena, na miezi minne baadaye jino limepasuka. Tarehe ya kurudi iwekee kengele kwenye simu kabla hujatoka mlangoni.

Jino lililozibwa linaoza tena pembezoni mwa dawa ukiliacha. Piga mswaki mara mbili kwa dawa yenye floridi. Soma kwenye boksi, tafuta namba kati ya 1,000 na 1,500 ppm. Usiku tema povu, usisukutue kwa maji, ili floridi ikae. Na kama huwezi kuacha soda, inywe mara moja na chakula uimalize. Ile chupa inayokaa mezani na kunywewa tone kwa tone kutwa nzima ndiyo inayokula meno, kwa sababu kila funda linaamsha tindikali kwa kama nusu saa.

Jioni ya leo mwite mtoto wako wa miaka sita au saba, mwambie afungue mdomo mkubwa chini ya taa. Hesabu kutoka katikati kwenda nyuma. Ukifika la sita, hilo si la maziwa. Limeota nyuma ya mengine bila jino lolote kung'oka, ndiyo maana wazazi wengi hudhani litadondoka, wanaliacha lioze. Ni gego la kudumu, halina mbadala. Hata yale ya maziwa yaliyo mbele yake yanatakiwa kukaa mpaka miaka kumi, kumi na miwili hivi, kwa hiyo yakitoboka nayo yazibwe. Na kama hilo la sita lina mifereji mirefu lakini halijatoboka, mpeleke, uliza kama wanaweza kulipaka dawa ya kufunika mifereji. Ni kazi ya dakika chache, na haina sindano.